Kata kwa Uzi

Kambini
Tarehe 9 Februari

Mke wangu Mama Pindo,

Nakusalimu wewe, namsalimu Pindo, namsalimu Kifungo, na usicheke, naisalimu na cherehani. Mungu awatunze wote. Mimi nimefika salama, ila nimefika na aibu.

Siku ya kwanza tulipangwa mstari uwanjani, tukaambiwa tuvue mashati tukaguliwe. Mara wenzangu wakaanza kucheka. Sajini akaja mbele yangu, mtu mpana kama mlango wa ghala, akaniuliza, "Wewe mzee, hicho shingoni ni nini?" Kupapasa, ni futi. Mama Pindo, nimekuja vitani na futi ya kupimia nguo! Ile asubuhi lori lilipopiga honi nilikuwa nakata sare za wanafunzi. Nikavaa koti juu yake, nikawakumbatia, nikaondoka. Miaka kumi na saba imekaa shingoni mwangu, ningeikumbukaje? Mtu hakumbuki kwamba ana masikio.

Sajini ameichukua. Anasema itamfaa kupimia kina cha mahandaki. Mimi nimebaki na jina tu, kambi nzima wananiita Futi.

Sasa shida imebaki kwako, maana futi ilikuwa hiyo moja na sare ziko mezani nusu nusu. Usiogope. Marehemu baba alishona maisha yake yote bila futi, alipima watu kwa uzi. Shika uzi, anzia begani, pale kipimo kinapoishia funga fundo. Kila mteja na uzi wake. Fundo la kwanza bega, la pili mkono, la tatu urefu. Ukimaliza uviringishe kwenye kipande cha kitambaa chake, usipotee.

Na lile neno alilokuwa akinipigia nalo rula nikikosea, nakuachia wewe: kata kwa uzi, usikate kwa huruma. Unamjua mwoka mikate wetu wa pale kona. Ukimpima anavuta tumbo ndani mpaka anatoka jasho. Ukimwonea huruma ukamkatia tumbo analolitamani, kesho akiinamia tanuri vifungo vinaruka. Uzi hauna haya, na uzi hausemi uongo.

Kifungo mwambie asilie. Mimi na yeye tuna ahadi yetu: nitarudi kabla kichwa chake hakijagusa mkasi unaoning'inia ukutani. Naomba mniletee vimo vyao, yeye na dada yake, kwa uzi, kuanzia kisigino mpaka utosini.

Mumeo,
Baba Pindo


Nyumbani
Tarehe 2 Machi

Baba Pindo,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimelia, ya pili nimecheka, ya tatu nimewasomea watoto. Pindo akauliza, "Sasa Baba atawapima na maadui suruali?" Nikamwambia heri iwe hivyo, mtu akishapimwa suruali anataka aishi aje aivae.

Kazi naiweza kidogo kidogo. Sare kumi na moja nimemaliza, mbili nimeharibu. Moja nimeiwekea mikono yote miwili ya kushoto. Mama wa mtoto kaja nayo mkononi, "Mama Pindo, mwanangu sasa anapiga saluti hata akiwa amelala!" Tumecheka mpaka machozi, halafu nimefumua. Kufumua ndiko najifunza. Kumbe kushona ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kukubali kufumua.

Jana nimekaa kwenye benchi, nikatia mguu kwenye pedali, nikakumbuka mwaka wetu wa kwanza. Chumba kile kimoja, Pindo hajazaliwa, sare za shule zimetulemea hadi kitandani. Mguu wako ukafa ganzi, ukaniambia, "Sogea hapa unisaidie." Wewe kushoto, mimi kulia, pedali katikati, mguu wako wa kulia na wangu wa kushoto. Ukaniambia, "Usikanyage kama unaua mende, bibi wewe." Nikanuna. Lakini tulimaliza sare zote siku ile, na mpaka leo sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile.

Naomba neno moja tu. Wewe nakujua, ukiumwa jino unasema umeshiba. Usinifiche kitu. Na mimi sitakuficha.

Uzi mwekundu ni Pindo, wa bluu ni Kifungo. Kila usiku tunakuombea, Kifungo anataka tumuombee na Sajini airudishe futi.

Mimi mkeo,
Mama Pindo


Kambini
Tarehe 20 Aprili

Mama Pindo wangu,

Mungu akulipe kwa zile nyuzi. Nimezifunga kwenye mti wa hema, kisigino cha kila mmoja kinagusa ardhi. Nikisimama karibu, Pindo ananifika hapa kwenye kifungo cha pili cha shati. Kifungo bado ananifika kwenye mkanda. Nawaambia habari zangu. Wenzangu walidhani nimepata wazimu.

Dereva wa lori letu, ambaye ana mabinti watatu, aliniangalia siku mbili, ya tatu akaniomba nimwandikie mkewe amletee na yeye. Halafu mpishi. Halafu yule mrefu tunayemwita Ngazi. Leo hema lina nyuzi kumi na nne. Upepo ukiingia watoto wote wanacheza, na wanaume wazima tumelala chini tunawatazama.

Unaniambia nisikufiche. Sina cha kuficha. Vita viko mbali, tunavisikia kama jirani anayekung'uta mazulia. Kazi yangu ni vifungo na viraka. Jioni nikinyamaza naisikia cherehani yetu, ile sauti yake ya kukohoa kidogo kabla haijakolea. Itie mafuta pale kwenye gurudumu, tone moja tu. Harufu ya chaki, harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi... nilikuwa nadhani hiyo ni kazi. Kumbe ndiyo yalikuwa maisha yenyewe.

Nawapenda. Salini.

Baba Pindo


Nyumbani
Tarehe 30 Mei

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Mimi Pindo naandika kwa sababu Mama ana kazi nyingi. Nimekuwa wa nne darasani. Mama sasa anashona vizuri, na mwoka mikate amesema suruali yake haijawahi kumkaa hivi, halafu akasema usiambiwe.

Safari hii nimepima vimo vyetu mimi mwenyewe, nyuzi ziko humu ndani. Nilisimama mlangoni nikajipima kwa msaada wa Mama, halafu nikampima Kifungo. Kifungo ni msumbufu, anavaa ile kanzu yake ya kulalia ndefu na hataki kuivua. Anauliza kila siku kama umeshapanda lori.

Wako mwanao mtiifu,
Pindo


Kambini
Tarehe 1 Julai

Mama Pindo,

Nakuandikia upesi, gari la posta linaondoka. Niambie ukweli mbele ya Mungu: Kifungo ana nini?

Nimeweka uzi wake mpya kando ya ule wa Machi. Umepungua. Umepungua vidole vitatu! Nimepima mara kumi. Nimeloweka uzi nikidhani umejikunja, nikaunyoosha, bado. Pindo amekua, yeye amepungua. Mtoto wa miaka sita hapungui, Mama Pindo, labda awe amepinda mgongo kwa maradhi, labda hawezi kusimama. Nakumbuka siku alipomeza kile kifungo cha koti akageuka rangi, ndipo tukamwita hivyo, tukacheka baada ya hatari kupita. Hii je, imepita?

Ulisema hutanificha. Tafadhali.

Hapa tumehamishwa, tuko mbele zaidi. Nyuzi za hemani zimebaki tisa. Za dereva nimezitia kwenye bahasha mimi mwenyewe, nikazirudisha kwa mkewe na maneno machache. Sikujua niandike nini. Nimeandika kwamba kila jioni alikuwa akiwaaga wanawe kwa majina.

Nijibu haraka.

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 28 Julai

Baba Pindo, mume wangu,

Vuta pumzi. Mtoto mzima, anakula kama nzige na jana amevunja bakuli.

Barua yako ilipofika nilimwita, nikamvua ile kanzu, nikamsimamisha ukutani. Hapo ndipo nikaona. Kumbe alikuwa anapinda magoti! Ndani ya kanzu, Pindo asione. Nikamuuliza, "Wewe, kwa nini unampa Baba kipimo cha uongo?" Akautazama mkasi ukutani. Nikamuuliza tena. Akasema, "Nikigusa mkasi Baba atakuwa hajaja."

Baba Pindo, mtoto anatembea hapa nyumbani magoti yamepinda ili asikue, ili wewe usichelewe. Nimeingia nyuma ya pazia la wateja nikalia humo.

Nilitaka niuhamishe msumari, niupandishe juu mkasi asiufikie. Nilishapanda na kigoda. Nikakumbuka neno la baba mkwe, nikashuka. Huko nako ni kukata kwa huruma. Nimemwambia Kifungo, "Simama wima. Baba anakutaka ulivyo." Amesimama. Uzi wake wa kweli huu hapa. Bado vidole vinne kufika kwenye mkasi.

Pole kwa dereva. Nimemwandikia mkewe. Na wewe, hayo maneno "mbele zaidi" nimeyaona.

Mimi mkeo,
Mama Pindo


Nyumbani
Tarehe 15 Oktoba

Baba Pindo,

Hii ni barua ya nne bila jibu. Redio imesema vita vimekwisha tangu wiki tatu zilizopita. Watu wametoka barabarani wakipiga masufuria. Mimi nimekaa mlangoni na watoto, tunatazama kila lori.

Mdogo wake mwoka mikate karudi Jumatatu. Amekonda, lakini karudi. Nilimuuliza habari zako, akasema hakuwa kikosi chako, akaangalia viatu vyake. Sijui kwa nini aliangalia viatu.

Kila usiku naomba kitu kimoja, siombi viwili. Kama uko hai, andika hata mstari. Kama huwezi kushika kalamu, niletee uzi mtupu nitajua.

Vidole viwili vimebaki.

Mama Pindo


Tarehe 3 Novemba

Kwa Mama Pindo,

Niko hai, namshukuru Mungu. Nisamehe kimya. Wameniweka kwenye ghala la nguo za jeshi, kuna sare nyingi za kurekebisha na mafundi ni wachache. Sijui wataniachia lini. Msinisubiri sana.

Nimefikiri juu ya cherehani. Ni ya zamani, pedali yake nzito. Akipatikana mnunuzi mzuri iuze, ununue ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Ni hayo tu.

Futi yangu imerudi. Sajini haihitaji tena. Alikuwa mtu mzuri kuliko sauti yake.

Wabusu watoto.

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 22 Novemba

Baba Pindo,

Nimefurahi uko hai, nimepiga magoti sakafuni mbele ya wateja, sikuona haya. Sasa nimesimama, niseme la pili.

Niuze cherehani ya marehemu baba yako? Wewe ndiye unasema? Wewe uliyeisalimu pamoja na mkeo na wanao? Mtu niliyeolewa naye angeuza paa la nyumba kwanza.

Na "Msinisubiri sana" ni maneno gani hayo? Ghala gani la nguo lisilo na Jumapili, lisilo na likizo, vita vimekwisha? Wanawake hapa kisimani wameshanipa jibu, wanasema mume asiyetaka kurudi ameshapata pa kulala. Nimewajibu wanyamaze. Lakini usiku maneno yao yanapanda kitandani pamoja nami.

Kama umeoa huko, sema. Nitalia, nitanyamaza, nitawalea watoto. Kama ni jambo jingine, sema pia. Wewe ulinifundisha kwamba uzi hauna haya, basi usiwe na haya kuliko uzi. Barua yako ile yote umeikata kwa huruma, Baba Pindo. Haitukai. Inatubana kwapani.

Nipe kipimo chako cha kweli, nijue nashona nini.

Mkeo bado,
Mama Pindo


Tarehe 10 Desemba

Mama Pindo,

Sijaoa. Sina mwingine duniani.

Naomba unishonee suruali moja ya kurudia nyumbani. Kitambaa cha kawaida, kigumu kidogo. Nimeviringisha nyuzi tatu humu ndani. Mweusi ni kiuno, nimekonda. Nyeupe mbili ni miguu, wenye fundo moja ni wa kushoto, wenye mafundo mawili ni wa kulia.

Futi ninayo mkononi, lakini namba zimenishinda kuandika. Nimejipima mwenyewe, nimesimama wima ukutani. Sikupinda goti.

Ukishaziona, nisipopata suruali nitaelewa. Sitakulaumu, na Mungu hatakulaumu.

Baba Pindo


Nyumbani
Tarehe 29 Desemba

Mume wangu, Baba Pindo,

Suruali yako hii hapa.

Nilifungua bahasha juu ya meza ya kukatia, watoto wamesimama pembeni. Nikanyoosha uzi wa kushoto, halafu wa kulia kando yake. Kifungo akaruka, "Mama! Baba naye amepinda goti!" Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kweli, nikasema baba na mwana ni wamoja. Halafu nikaisoma tena barua yako, ule mstari kuhusu goti, nikaacha kucheka.

Pindo ndiye aliyeelewa wa pili. Hakusema kitu, alikwenda akalifunga pazia la barazani ili mteja asiingie. Kifungo nilimpakata nikamwambia, "Baba hakupinda. Huo ni mguu wake ulivyo sasa. Umebaki vitani." Akafikiri, akauliza, "Unauma?" Nikamwambia utakuja umjibu mwenyewe.

Sasa nisikilize mimi. Nilikaa na kitambaa chako kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, mkasi mkononi. Mkono ulitaka kukata miguu yote miwili sawa. Ulitaka sana. Nilisema labda nitaiacha ndefu, nitaikunja ndani, nitaibana kwa pini, watu wasione, nami nisione. Halafu nikaweka uzi juu ya kitambaa, nikapiga chaki pale kwenye fundo la pili, nikakata. Mkasi ulilia mara moja tu. Pindo lake nimelishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, ndani nimeweka kitambaa laini cha shati lako la zamani lisikukwaruze. Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote tangu uondoke. Ukipata dosari niambie, nitafumua.

Sasa nimejua kwa nini ulitaka niuze cherehani. Umelala huko hospitali, kwani ghala lako nimeshalijua ni ghala gani, ukihesabu kwamba fundi bila mguu wa kulia hana pedali, na asiye na pedali hana nyumba. Hesabu yako mbaya. Zamani ulikaa kushoto, mimi kulia, mguu wako wa kulia na wangu wa kushoto. Benchi ni lile lile. Utakaa kulia, mimi nitahamia kushoto. Tumebadilishana viti, basi. Pedali haina macho, haijui inakanyagwa na mguu wa nani.

Ila safari hii ukikanyaga kama unaua mende, mimi ndiye nitakusema.

Wale wa kisimani nimewaambia mume wangu anarudi mwezi ujao, wasishangae wakiniona kisimani nina haraka.

Kifungo amegusa mkasi Alhamisi iliyopita. Alikuja mwenyewe kuniambia, amesimama wima. Tumepima. Umechelewa kwa unene wa uzi mmoja. Tumekaa kikao, yeye, Pindo na mimi, na tumekusamehe.

Njoo na futi.

Mkeo,
Mama Pindo